Mchezo mfupi wa gofu unapokusumbua Mombasa: dalili, chanzo na la kufanya

Keti barazani kwa klabu yoyote ya gofu Mombasa jioni ya Jumamosi, usikilize wanaojumlisha kadi zao. Wachache watalalamikia mkwaju wa kwanza. Kilio kikubwa ni cha mpira uliofika karibu na grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, kwa mikwaju miwili, kisha ukachukua mitano mingine kuingia shimoni.

Nimekusanya hapa matatizo ninayosikia yakirudiwa mara kwa mara na kuyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo cha kwanza ndicho kinachotokea zaidi. Ninakuomba jambo moja tu unapoyafuata: kagua uamuzi wako kabla hujakagua mwili wako. Mtu akikosea hukimbilia kurekebisha mikono, magoti na kichwa, ilhali mkwaju uliharibika pale alipochomoa fimbo isiyofaa mfukoni. Kubadili fimbo ni kazi ya sekunde chache. Kubadili swingi, yaani namna unavyozungusha fimbo, ni kazi ya miezi.

Maelezo yote ni ya anayepiga kwa kulia. Anayepiga kwa kushoto ageuze.

Fimbo inachimba ardhi, mpira unasogea hatua mbili

Hili ndilo tatizo la kwanza la pwani, na mara nyingi chanzo chake kiko chini ya mpira. Nyasi za bermuda zinazostahimili joto letu hutambaa na kulala upande. Zikilala kukuelekea, makali ya fimbo huingia chini yake na kunasa. Anayetoka bara, aliyezoea nyasi za baridi, hudhani ghafla mikono imesahau kazi.

Kagua hivi: sogea kando kidogo, penye nyasi za namna ileile, upige swingi mbili za majaribio. Fimbo ikiteleza, nyasi zinaelekea unakopiga. Ikikwama, zimelala dhidi yako. Usikanyage wala kusawazisha nyasi nyuma ya mpira wako wenyewe. Hilo lina adhabu.

Zikiwa dhidi yako, rudisha mfukoni wedji ya nyuzi 60, ile fimbo fupi yenye uso uliolazwa sana. Kama kati yako na grini hakuna banka (shimo la mchanga) wala nyasi ndefu, piga kwa puta, fimbo ya kubingirishia mpira kwenye grini. Kama puta itazuiwa na nyasi za ukingoni, chukua fimbo namba 8 au haibridi (fimbo ya kichwa kinene), shika chini kabisa ya mpini, simama kama unayeputi, na uubingirishe. Kedi, yaani mbeba fimbo zako, aliyekulia kwenye uwanja unaocheza akikwambia, "Mzee, bingirisha tu," amesoma nyasi kabla yako. Msikilize. Puti mbaya kutoka nje ya grini kwa kawaida hukuacha karibu na shimo kuliko chipu (mkwaju mfupi wa kuuinua mpira kidogo) mbaya, na hili ni kweli hata kwa wenye hendikapu ndogo, yaani wachezaji hodari.

Ikiwa nyasi hazina neno na bado unachimba, tazama uzito wako. Mwishoni mwa chipu, bila kusogea, jaribu kuinua kisigino cha kulia. Kama hukiinui bila kuyumba, uzito ulibaki nyuma, na fimbo ilifika chini kabla ya mpira. Anza na uzito zaidi ya nusu kwenye mguu wa kushoto na uuache hapohapo mwanzo hadi mwisho. Chipu ni mkwaju mdogo. Hauhitaji mwili kwenda na kurudi.

Sababu ya tatu ni kurudisha fimbo nyuma mno kisha kuogopa katikati ya safari na kuipunguza mwendo. Tiba ni kufupisha safari ya nyuma, ili ya mbele isiwe na haja ya kusitasita.

Ya nne inahitaji maelezo, kwa sababu imetokana na ushauri uliozoeleka: mpira nyuma, mikono mbele. Ukisukuma mikono mbele sana, unayageuza makali ya mbele ya wedji kuwa jembe. Kila wedji ina kitako, yaani ile sehemu nene iliyotokeza chini yake, na kazi yake ni kuizuia fimbo isizame. Mikono ikitangulia mno, kitako kinainuka na hakigusi kitu. Weka mpira katikati ya miguu, mpini ukaribie kusimama wima, kifua kiangalie mpira, halafu piga nyasi kidogo kwa kitako. Utasikia mlio tofauti: mkwaruzo mwepesi badala ya kishindo.

Umejaribu yote haya kwa wiki kadhaa na bado unachimba? Acha kujirekebisha. Tafuta mkufunzi wa klabu, akutazame kwa nusu saa. Makosa mawili yanayofichana huwezi kuyaona mwenyewe.

Mpira unakatwa kichwani na kuvuka grini

Wengi huliona hili kama kinyume cha kuchimba. Kwa kawaida ni ugonjwa uleule uliobadili sura. Uzito ukiwa nyuma, fimbo hufika chini mapema. Ikigusa ardhi inachimba, ikiikosa inapanda na kuupiga mpira kiunoni. Kwa hiyo rudia kwanza kipimo cha kisigino.

Kama uzito uko sawa, chanzo kinachofuata ni kutaka kuuinua mpira kwa viganja. Wedji ya nyuzi 56 imelazwa uso tangu kiwandani. Ikiteremka kwenye nyasi, mpira utapanda wenyewe. Mazoezi yake ni rahisi: chora mstari kwa chokaa kwenye nyasi za mazoezi na upige bila mpira, ukihakikisha fimbo inagusa nyasi kwenye mstari au mbele yake kidogo. Usiweke mpira mpaka umeweza mara nyingi mfululizo.

Halafu kuna ardhi. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, mvua huwa haba na ardhi hukauka ikawa ngumu. Wedji ya mchanga yenye kitako kinene hudunda juu yake na kuingia katikati ya mpira. Hapo kosa si lako, ni la fimbo. Tumia wedji ya kawaida ya nyuzi 46 au karibu na hapo, ambayo kitako chake ni chembamba, uuache mpira utue mapema na kukimbia.

Mpira unaruka kulia ghafla, karibu kwa pembe mraba

Umeupiga kwa shingo ya fimbo, pale chuma kinapoungana na mpini. Mara nyingi umesimama karibu mno au uzito umeingia vidoleni wakati fimbo inashuka. Kagua kama vidole vya miguu vinabana ndani ya kiatu. Kama ndiyo, rudisha uzito katikati ya unyayo. Kisha weka mipira miwili sambamba, ikitengana kwa upana wa mpira mmoja, ujipange kwa ule wa nje lakini upige ule wa ndani.

Ikitokea tena na tena katika mazoezi, weka fimbo chini, uende nyumbani. Tatizo hili hukomaa kadiri unavyopambana nalo kwa hasira. Pia ni la hatari: mpira unakwenda usikotazama, na watu wanasimama kulia kwako.

Mpira hautoki kwenye banka

Anza na mchanga, kwa miguu yako. Kanuni zinakuruhusu kuikita miguu ili usimame imara, na hapo ndipo utakapojua mchanga una kina gani na kama umelowa. Zinachokataza ni kuugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, katika swingi ya majaribio au wakati wa kurudisha fimbo nyuma. Adhabu katika mchezo wa kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili.

Mchanga mkavu na laini: fungua uso wa wedji kwanza, yaani uugeuze uangalie juu zaidi, ndipo ushike mpini, ukishika kabla ya kufungua, uso utajifunga tena njiani. Lenga mchanga, kama sentimita tano nyuma ya mpira, na umalize swingi mpaka mikono ifike begani. Chanzo kikubwa cha mpira kubaki ndani ni kusimamisha fimbo mara tu inapogusa mchanga.

Mchanga uliolowa baada ya mvua za masika ni habari nyingine. Umeshikana, na kitako cha wedji iliyofunguliwa hudunda juu yake. Ndiyo maana mipira mingi siku hizo inavuka grini. Usifungue uso sana, na punguza nguvu kidogo, kwa kuwa mpira utatoka kasi zaidi.

Mpira ukizama nusu, fanya kinyume cha kawaida: funga uso, uchimbe, na ukubali kwamba utakimbia ukishatoka.

Na kama umekaa chini kabisa ya ukuta wa banka? Huna lazima ya kuupiga. Unaweza kuutangaza hauchezeki. Kwa adhabu ya mkwaju mmoja utaudondosha ndani ya banka hilohilo, ndani ya urefu wa fimbo mbili au nyuma kwenye mstari wa kutoka shimoni, au utarudi ulikopiga mwanzo. Tangu 2019 ipo njia nyingine: kwa jumla ya mikwaju miwili ya adhabu unautoa nje, nyuma ya banka, kwenye mstari huohuo. Miwili inauma, lakini nimeona watu wakiacha minne ndani kwa kuikataa.

Tahadhari: mpira ukiwa kando ya mwamba wa matumbawe au mzizi wa mti, usipige. Kifundo cha mkono kikipata mshtuko huo hakiponi kwa kukandwa na maji moto. Mkwaju mmoja wa adhabu ni nafuu.

Puti tatu, shimo baada ya shimo

Watu huulaumu mstari. Kwa kawaida ni urefu. Puti ya kwanza kutoka hatua kumi na tano ikikosea mstari, itakosea kwa hatua moja hivi. Ikikosea urefu, inaweza kukuacha hatua tatu. Na hatua tatu si mchezo: hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani huingiza takribani nusu tu ya puti za futi 8, yaani karibu mita mbili na nusu. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuikosa ya pili. Tafuta kosa kwenye ya kwanza.

Kagua kasi ya grini kabla ya kuanza. Asubuhi na mapema umande huupunguza mpira mwendo. Ukikauka, grini huharakisha. Ikifika alasiri, bermuda imekua kidogo na hupunguza tena. Dakika kumi za kuputi kwa mbali, bila kujali shimo, zinakufaa kuliko kuingiza puti fupi thelathini.

Kisha soma ulalo wa nyasi. Simama nyuma ya mpira: zikimeta, zimelala kuelekea shimoni na mpira utakimbia, zikionekana nyeusi, zinakukabili na itabidi upige kwa nguvu zaidi. Ukiwa na shaka, tazama mdomo wa shimo lenyewe. Upande uliochakaa na kumomonyoka ndio nyasi zinakoelekea. Kwenye mteremko mdogo, ulalo unaweza kuufuta mpindo uliouona kwa macho, na hapa ndipo wageni wa pwani wanapopotea zaidi.

Sababu ya mwisho ni ya jasho. Unyevu wa Mombasa hulainisha mpini, mkono unabana ili usiteleze, na mkono uliobana hauna hisia ya urefu. Chukua taulo mbili, moja ibaki kavu. Osha mipini kwa maji vuguvugu na sabuni mara kwa mara, na ikishakuwa mikavu na kung'aa, badilisha. Mifereji ya uso wa wedji nayo iswakiwe baada ya kila mzunguko, chumvi ya hewa ya bahari isije ikaanza kutu.

Mpira unatua sipo, ingawa umeupiga vizuri

Upepo. Uwanja wa Mombasa Golf Club, klabu iliyoanzishwa 1911, uko kisiwani ukingoni mwa bahari, upande wa Mama Ngina, una mashimo tisa, na upepo unaingia bila kizuizi. Kwenye uwanja wa Nyali, miti inazuia chini, lakini mpira ukipanda juu ya minazi unakutana na upepo ambao wewe uliyesimama hukuuhisi. Tazama makuti ya juu kabisa, usitazame bendera peke yake.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki. Kusi hushika takriban Aprili hadi Septemba kutoka kusini. Anayecheza uwanja mmoja mwaka mzima anacheza viwanja viwili: shimo ulilopiga kwa namba 9 Februari linaweza kutaka namba 6 Julai. Andika fimbo zako za miezi ya kusi na za kaskazi kwenye daftari dogo. Kumbukumbu hukuongopea, maana hushika mkwaju bora na kuusahau wa kawaida.

Upepo ukiwa usoni, kosa kubwa ni kupiga kwa nguvu. Nguvu huongeza mzunguko wa nyuma, mzunguko huuinua mpira, na mpira uliopanda huzuiliwa zaidi. Chukua fimbo ndefu zaidi, hata kwa namba mbili, ushike chini ya mpini na upige taratibu. Ukumbuke pia kwamba upepo wa mbele hukunyima zaidi ya kile ambacho upepo wa nyuma wa kasi ileile hukupa.

Karibu na grini, kanuni yangu siku ya kusi kali ni moja: mpira usipande juu ya kichwa changu ikiwa kuna njia ya chini.

Shimo moja linaharibu kadi nzima

Hapa ndipo alama nyingi zinapotea, na hakuna fimbo ya kununua itakayozirudisha.

Chanzo cha kwanza ni kuchagua mkwaju kwa kumbukumbu ya siku yako bora. Mpira uko kati ya miti, unaona upenyo mdogo kuelekea grini. Jiulize: nikiweka mipira kumi hapa, mingapi itapita? Kama jibu la kweli liko chini ya saba, utoe pembeni kwenye nyasi fupi. Jibu la kweli ndilo gumu, kwa hiyo muulize kedi. Amekuona ukipiga tangu shimo la kwanza, na yeye anakumbuka yote.

Cha pili ni kuifuata bendera kila ilipo. Ikiwekwa nyuma ya banka au karibu na maji, lenga katikati ya grini. Hasara yake ni puti ndefu. Hasara ya kulenga bendera na kukosa umeisoma hapo juu.

Cha tatu ni kutojua njia za adhabu. Kwenye eneo la adhabu lenye vigingi vyekundu unaweza, kwa mkwaju mmoja, kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipovukia mpaka, si karibu zaidi na shimo. Vigingi vya manjano havikupi njia hiyo. Mpira ukihofiwa kupotea, tangaza mpira wa akiba kabla hujaenda kutafuta. Muda wa kutafuta ni dakika tatu. Na kama kunguru wa Mombasa ameubeba mpira uliotulia, mkiwa na hakika amefanya hivyo, unaurudisha mwingine mahali pake bila adhabu. Watu wamelipa mkwaju kwa kunguru bila sababu.

Cha nne ni hasira ya shimo lililopita. Mnapocheza Stableford, mchezo wa kukusanya pointi kwa kila shimo, ukishafika mahali ambapo huwezi kupata pointi tena, okota mpira. Hesabu ya hendikapu nayo ina kikomo kwa kila shimo: bogi maradufu, yaani mikwaju miwili juu ya idadi iliyopangiwa shimo, baada ya kutoa mikwaju yako ya hendikapu. Kuendelea kuupiga huko ni kuchelewesha wengine na kubeba hasira hadi shimo la mbele.

Mkono unaruka wenyewe kwenye puti ya hatua moja

Kwanza hakikisha si woga wa kawaida: je, hutokea mazoezini ukiwa peke yako? Kama hapana, fupisha maandalizi. Tazama shimo mara moja, piga. Kama ndiyo, badili namna ya kushika: mkono wa kushoto chini ya wa kulia au kinyume chake, au ulaze kiganja cha kulia kisishike kabisa. Bernhard Langer wa Ujerumani alisumbuliwa na hali hii zaidi ya mara moja, akabadili ushikaji wake, na akashinda mashindano makubwa ya Masters mwaka 1985 na tena 1993. Hivyo usikubali kuambiwa ndio mwisho wako.

Lakini kama mkono unatetemeka pia ukishika kikombe au kalamu, hilo si la mkufunzi. Nenda hospitali. Vivyo hivyo maumivu ya kiwiko au kifundo cha mkono yasiyoisha baada ya kupumzika wiki mbili, na ganzi ya vidole. Kichwa kikikuuma, jasho likikauka ghafla au ukianza kuchanganyikiwa katika jua la saa saba, acha mchezo hapo ulipo, ingia kivulini, mwagiwa maji, na mwenzako aite msaada mara moja. Radi ikisikika, ondokeni uwanjani wote, msijikinge chini ya minazi.